Mikono ya Baba Mbele ya Rashasha

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, mikono ya baba, mwanajeshi mstaafu, ilikuwa ikitetemeka sana. Kila asubuhi, nyumbani Waithaka, mimi ndiye niliyemfunga vifungo vya shati. Siku moja nilimpeleka makavazi mjini. Akasimama mbele ya bunduki ya rashasha ya zamani iliyowekwa ndani ya kabati la kioo.

"Hii tulikuwa tunalala nayo," akaniambia.

Kisha mikono yake ikaanza kuifungua hewani, kana kwamba ameishika, kipande baada ya kipande, taratibu, bila kutetemeka hata kidogo. Wageni wakatabasamu. Mimi nilipandwa na hasira, na mpaka leo inaniuma. Sisi watoto wake mikono hiyo tuliijua kwa makofi tu. Kumbe upole iliujua siku zote.