Saa Kumi na Nne na Nusu Kutoka Toronto

Mama alipofariki, kaka yangu alikuwa Toronto. Kamati ya mazishi ilikaa nyumbani kwetu, karibu na Kendu Bay, ikataka kujua atachukua muda gani kufika. Simu yenye intaneti ilikuwa yangu peke yake. Niliishia darasa la nane, lakini kuandika majina ya miji miwili sikushindwa. Toronto, Nairobi. Simu ikaleta kilomita elfu kumi na mbili na zaidi, saa kumi na nne na nusu kwa ndege.

"Soma kwa sauti, nyathina," alisema baba mdogo. Ndivyo anavyoniita, mtoto wangu. "Huyu hata akiungua ataomba ruhusa ya kulia."

Watu wakacheka. Nikasoma. Wakapiga hesabu palepale: akiondoka Jumatano jioni, alfajiri ya Ijumaa yuko nyumbani. Mazishi yakawekwa Ijumaa mchana. Jumamosi ni Sabato, hatuziki, na Jumapili mchungaji alikuwa na mazishi mengine Uriri.

Sikujua kwamba zile saa ni za mstari ulionyooka tu, na kwamba hakuna ndege inayokuja moja kwa moja.

Alhamisi mchana kaka aliniandikia: "Niko njiani kwenda Doha. Nitangoja huko ndege nyingine. Nairobi nitatua kesho saa sita mchana. Waambie wanisubiri."

Kutoka Nairobi hadi kwetu ni saa saba za barabara. Hilo nililijua. Bado palikuwa na muda wa kutafuta mchungaji mwingine wa Jumapili. Nikaenda nikasimama mlangoni na simu mkononi. Wazee walikuwa wakibishana kuhusu ng'ombe wa kuchinja. Nikangoja wanyamaze. Baba mdogo akaniona.

"Una neno?"

Wote wakageuka. Nikasema hapana. Nikarudi jikoni kuosha sufuria, nikijiambia kwamba nitamwambia akiwa peke yake. Siku hiyo hakuwa peke yake hata mara moja.

Ijumaa kaka alipiga simu kutoka Nairobi, nikampa baba mdogo aongee naye. Mchungaji alikubali kungoja. Saa kumi na moja akatazama jua, akasema Sabato haimngoji mtu. Udongo wa kwanza, ambao kwetu ni wa mtoto wa kwanza wa kiume, aliutupa baba mdogo.

Kaka alifika giza likiingia. Alisimama kando ya kaburi na begi lake mgongoni.

"Ujumbe wangu uliupata?" aliniuliza.

"Niliupata."

"Lini?"

"Jana mchana."

Hakunipigia kelele. Afadhali angenipigia. Alikaa wiki moja, akarudi Toronto. Siku hizi akitaka kujua kama niko salama, humuuliza baba mdogo.