Anayesuka Maji

Mama Pascasie Uwizeye alikuwa amechoka kabla hata ya kufika Kanyaruchinya, kambi yetu ya wakimbizi wa vita. Alitoka milima ya Masisi na kibuyu kikubwa cha kusukia maziwa mgongoni, wakati wenzake walibeba magodoro. Ng'ombe walichukuliwa wote, mumewe akauawa zizini, naye akaokoa kibuyu. Watu wa kambi walimcheka mpaka wakachoka. Alipewa nafasi katika hema letu.

Hapa tumebanana juu ya mawe meusi ya volkano. Ukikohoa, jirani anakupa pole. Na maombi! Kila kikundi kina kipaza sauti chake, kana kwamba Mungu amekuwa kiziwi. Vinanikera, nasema wazi. Mama Eugénie, kiongozi wa kikundi kimojawapo, alimwita Pascasie aje kumlilia Bwana pamoja na wengine. Akaenda, akafungua kinywa, hakikutoka kitu. Alirudi na hofu moja tu: kwamba Mungu amebaki kule Masisi, na yeye hajui tena pa kumpata.

Kwao, mwanamke akisuka maziwa haongei. Anakaa chini, kibuyu mapajani, anakisukuma na kukivuta taratibu mpaka siagi ishikane. Miaka yote ya ndoa yake alikuwa akisali hapo bila kujua kwamba anasali. Basi alfajiri moja, kabla vipaza sauti havijaamka, alitia maji kibuyuni, akakaa nje ya hema, akaanza kusuka. Mabega yalimuuma, lakini moyo ukatulia. Akaendelea hivyo kila alfajiri, na uso wake ukaanza kukunjuka.

Lakini kwao kuna desturi nyingine: anayekukuta unasuka, humnyimi mtindi. Wivine, mama kijana wa hema la jirani, alizoea kusikia ile sauti ya kusuka, akaamini ni maziwa. Siku moja akaja na kikombe, mtoto mgongoni.

"Mama, unipatie kidogo tu. Mutoto amelia usiku muzima."

Pascasie hakuweza kumrudisha na kikombe kitupu. Akainamisha kibuyu, akammiminia. Yakatoka maji.

"Ni maji?" Wivine akashangaa. "Sasa kila asubui unasukaka nini?"

"Ninaombaka Mungu, mwanangu."

Wivine akayamwaga maweni, maji yenyewe ya kupangia foleni, akaondoka akilia.

Kuanzia siku hiyo kibuyu kilifichwa chini ya nguo. Pascasie alijilaza akageukia turubai. Aliniambia hawezi tena kumdanganya mama mwenye njaa, na kwamba hana nguvu za kumtafuta mtu yeyote, hata Mungu. Nami nimechoka. Nje walikuwa wakipiga kelele za haleluya, na kwa mara ya kwanza nikatamani kusikia maji yakisukwa.

Asubuhi chache baadaye, giza likianza kutoka, mtu alikwaruza turubai letu.

"Mama, leo pia hausuke? Nilishazoea kukusikia. Roho yangu nayo inatulia."

Nikafunua mlango. Alikuwa Wivine, mtoto amelala mgongoni. Hakuja na kikombe.

Pascasie akaketi polepole, akashika kiuno. Kisha akaanza kuondoa nguo juu ya kibuyu.