Nilivyotaka kung'oa kengele ya kanisa letu ili lori la makumbusho likamilike

Wakuu, heshima zenu. Niko Kisangani, na hili limenikuta mimi mwenyewe, sijasimuliwa na mtu. Ukitaka kucheka, cheka, mimi nimeshajicheka.

Nafanya kazi kwenye makumbusho ya magari ya kijeshi, upande wa Simi-Simi. Usifikirie jengo lenye AC. Ni uwanja wa nyasi tu: vifaru viwili vyenye kutu, jeep isiyo na injini, na lori moja.

Nafyeka, napaka rangi, nawaelezea wageni.

Lori ndilo nililipenda. Nililipaka kijani wiki nzima. Shida ni kwamba lilikosa rimu moja ya nyuma, upande ule likakaa juu ya mawe.

Mkuu wetu, tunamwita tonton, yaani anko, akasema anataka lisimame vizuri kabla ya ufunguzi.

Mimi na kiherehere changu: "Tonton, hiyo rimu naijua ilipo."

Iko kanisani kwetu. Huku makanisa mengi kengele yao ni rimu ya gari iliyoning'inizwa, unaigonga kwa chuma. Yetu ilitoka kwenye lori hilohilo. Na anayeigonga ni mama yangu mzazi!

Tukaenda na spana na kamba. Nilijiona serious kweli, kama nimetumwa na serikali.

Mama hakupiga kelele.

"Bon, mukamate. Lakini kesho nani ataita batu? Wewe? Utapita mulango kwa mulango?"

Tonton akamwambia atanunua kengele nyingine, mpya.

"Wakati ya vita tulikimbilia mu pori, ngambo ya mutoni," mama akasema. "Papa yako alirudia wa kwanza. Akafungua hii kwa ile camion, akaitundika, akagonga. Tukasikia, tukajua vita imeisha. Wewe ulikuwa ku mugongo yangu."

Wakuu, baba alifariki nikiwa mdogo. Hakuna aliyewahi kuniambia hayo. Niliona aibu mpaka spana nikaificha nyuma.

Tonton akakunja kamba, akasema, "Alors, tunarudia," tukaondoka bila rimu.

Lori bado liko juu ya mawe. Nimeliwekea kibao: "Rimu ya hapa haijaibiwa. Iko kanisani, inafanya kazi." Wageni wanakipiga picha zaidi kuliko vifaru.

Nilichojifunza: kabla hujasema kitu kimepotea, uliza kwanza nani anakitumia. Na waulizeni wazazi wenu wakiwa bado wapo.

Kwenu kengele ni kitu gani, na ilitoka wapi? Andikeni hapo chini, nitasoma zote nikirudi.

Rimu inagongwa kanisani. Baba anaita.