Jani la Mpakani

Mdogo wangu wa kike aliteleza kwenye mfereji wa kumwagilia migomba, akavunjika mguu, na mfupa ukaungana vibaya. Wazazi wetu walikuwa wamekwisha kufa. Mimi, kifungua mimba wa kiume, nilikuwa nimeacha shule ili nimlee, na nilikata majani ya ng'ombe kama wanawake. Vijana wenzangu walinicheka, wakiniita "mama mkwe".

Watu wa mlimani kwetu walishuka mjini Moshi kwa mambo mawili: kutazama ngoma na kutafuta afya. Nyuma ya soko alikaa mama mmoja wa Kiislamu, fundi wa mifupa, ambaye wagonjwa walimfuata kutoka hata Sanya Juu. Aliubonyeza mguu wa mdogo wangu, akanitazama.

"Nitaukanda na kuufunga upya. Lakini alale hapa kwangu, na wewe umpikie. Na iwe kabla ya masika, mfupa haujakomaa."

"Tutakuja, mama."

"Mje na ndizi na maziwa. Mbege yenu, hiyo pombe ya ndizi, iacheni huko huko mlimani."

Nilirudi nikipanga safari kichwani. Chakula kilikuwepo kihambani, shamba letu la migomba la urithi, blanketi lilikuwepo. Kikwazo kilikuwa ng'ombe. Kwetu ng'ombe hula zizini, akiletewa majani kila siku, kwa hiyo nilitaka kumwekesha kwa mjane jirani: yeye amlishe, apate maziwa na mbolea, na ndama awe wetu. Mjane alikubali. Lakini ng'ombe wa marehemu hahami bila neno la ukoo, na neno la ukoo lilikuwa kinywani mwa baba mdogo.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Ng'ombe aje kwangu," alisema nilipomweleza haja yangu, wazee wa ukoo wakisikia. "Kihamba nacho nitakitunza mpaka mrudi."

Kihamba chake kilipakana na chetu. Mpaka ulikuwa mstari wa masale, yaani mimea ya mipaka, aliyoyapanda baba, na mara mbili nilikuwa nimekuta miche mipya ya masale imechomekwa upande wetu.

"Hapana, baba mdogo," nilisema.

Mtoto hamkatalii baba yake mdogo mbele ya wazee.

"Basi nenda," alisema polepole. "Tuone ng'ombe atakula nini."

Jioni hiyo mjane alikuja mlangoni, hakuingia. "Mwanangu, nimekatazwa," alisema, akaondoka.

Mawingu yalianza kukaa chini. Kila asubuhi niliushika ule mguu, nikaona umezidi kuwa mgumu. Mdogo wangu aliniuliza tunaondoka lini. Nilimwambia alale.

Jumapili, baada ya ibada, wazee walikwenda kwa baba mdogo kunywa mbege. Njia yao ilipita mpakani kwetu. Alfajiri nilikuwa nimekata jani la sale kwenye shina kuukuu alilolipanda baba, nikaliacha jeraha jeupe mahali ambapo kila mpita njia angeliona. Kwetu, anayekujia na sale mkononi kuomba radhi hakataliwi. Anayemkataa hujitakia balaa, na hakuna atakayekunywa naye tena.

Nilipiga goti uani kwa baba mdogo, nikalishika jani kwa mikono miwili.

"Baba mdogo, nilikukatalia mbele ya watu. Naomba radhi mbele ya watu hao hao. Naomba na ruhusa: ng'ombe akae kwa mjane, nimpeleke mtoto akatibiwe."

Alilitazama jani.

"Umelikata wapi?"

"Mpakani. Kwenye shina la baba."

"Tumeona jeraha lake tukija," alisema mzee mmoja, kibuyu cha mbege kikiwa bado mkononi. "Limekatwa leo. Na ile miche michanga ng'ambo yake, upande wa marehemu, nani kaipanda?"

Baba mdogo alinyoosha mkono, akalipokea jani kama mtu anayepokea kaa la moto.

"Ng'ombe akae kwa mjane," alisema. "Mtoto apelekwe."

Kesho yake nilimfunga mdogo wangu mgongoni kwa blanketi, mkungu wa ndizi kichwani, kibuyu cha maziwa mkononi. Tulipofika mpakani, miche michanga ilikuwa imeng'olewa, mashimo yake bado mabichi. Sikusimama.

"Tukisikia ngoma utanishusha nicheze?" aliniuliza.

"Utacheza ukiweza kutembea."

Matone ya kwanza yalituangukia njiani, nikaongeza mwendo, na ule mguu uliopinda ukanigonga ubavuni mpaka mjini.