Sura ya Masanja Kwenye Kioo

Nakumbuka, mwanangu, siku niliyoshusha runinga bapa kutoka kwenye basi pale Dutwa. Nilikuwa kijana bado, na kaka yangu Masanja tulikuwa tumemzika msimu huohuo wa kuvuna pamba. Video yake ilibaki moja tu, anacheka shambani, imerekodiwa kwa simu ndogo ya enzi zile. Mayu, mama yetu, macho yalikuwa yamefifia. Kwenye simu hakuona kitu. Nikaona dawa ni kioo kikubwa.

Majirani walijaa. Nikachomeka flashi yenye ile video, Masanja akatokea mkubwa kuliko alivyokuwa hai. Lakini uso ulikuwa vipande vya mraba. Macho hayapo, meno hayapo. Mayu alisogea karibu kabisa.

"Ng'wanawane, mwanangu, mbona ananificha uso?"

Nikaizima runinga.

Kesho yake nikairudisha Bariadi kwa Bwana Hamisi aliyeniuzia, nikidhani ni mbovu. Aliitazama video hadi mwisho.

"Kioo ni kizima, ndugu yangu. Inchi ni urefu wa kioo tu, toka pembe hadi pembe. Sura huletwa na nukta ndogondogo, ndizo pikseli. Wakisema HD, maana yake nukta ni nyingi. Sasa simu iliyorekodi hii ilichukua chache."

"Hata kioo cha bei zaidi?"

"Hata hicho. Ambacho hakikurekodiwa hakirudi. Pole sana. Jaribu kioo kidogo, nukta zikibanana uso utatulia."

Akanibadilishia kwa runinga ndogo, nikarudi nayo nyumbani. Mayu aliinamia kile kidogo hadi pumzi yake ikaweka ukungu. Alikipangusa kwa kanga.

"Ni yeye," akasema. Kisha akanigeukia. "Ulihangaika na ukubwa, baba. Alipokuwa hai, ulikaa naye lini ukamtazama?"

Mayu naye sasa hayupo.

Basi, mwanangu, kuuliza si ujinga. Dukani usihadaike na inchi. Uliza pikseli, uliza na picha yenyewe imerekodiwaje, maana hata hiyo 4K yenu yenye nukta tele haitakupa ambacho kamera haikukiona. Na walio hai, keti nao, watazame usoni wangali wanakujibu. Maji yakimwagika hayazoleki. Mungu akutunzie watu wako, macho yako yashibe nyuso zao kabla hujazitafuta kwenye kioo.