Ramani za Fundi Nyuzi

Kila asubuhi Fundi Nyuzi alikuwa akitundika koti lake msumarini, akivuta stuli, akifumba macho na kupitisha vidole juu ya kazi aliyoiacha jana. Dakika kumi hivi hakufungua macho wala kinywa. Mgeni aliyemkuta katika hali hiyo alidhani mzee anasali, au usingizi wa nyumbani haukumtosha. Akishafumbua macho alichukua wembe na kubandua kitu: hapa kipande cha uzi, pale tone la gundi iliyokauka. Kuongeza aliongeza mara chache sana.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza picha za kusomwa kwa vidole. Shule moja ya wasioona ilimpa chumba nyuma ya jiko, chenye dirisha moja na mashine moja. Juu ya karatasi nene alibandika uzi wa kushonea viatu ukawa mto, msasa ukawa ziwa, vichwa vya pini vikawa miji. Kisha mashine ililainisha plastiki kwa joto na kuinyonya juu ya karatasi ile, nakala ikatoka na kila tuta na kila shimo. Nakala hizo zilikwenda shule zote za aina ile nchini, na kwenye vyumba vya mitihani pia. Kona ya juu kulia ya kila karatasi ilikuwa imekatwa, ili mtoto asiishike juu chini. Hilo alilibuni mwenyewe, kama alivyobuni mengine mengi, na yote aliyaandika kwa penseli katika madaftari kumi na moja. Walimu ndio waliompa jina la Fundi Nyuzi, na hawakukusudia kumsifu.

Msichana aliyeletwa kumsaidia alikuwa na shahada ya jiografia na sauti ya mtu anayeomba radhi. Watu wakiwa wawili chumbani, alizungumza. Wakifika wanne, alitazama viatu vyake. Wiki ya kwanza mzee alimpa ziwa moja alichore kwa ajili ya darasa la sita. Alikaa nalo siku nne. Aliweka visiwa vyote, bandari zote, reli, mipaka, hata kijito ambacho hukauka nusu ya mwaka. Kwa macho, ramani ilipendeza kama kitambaa kilichotariziwa.

Mzee aliitazama, akaguna, akamchukua mpaka mapokezi kwa Mama Simu. Huyu alikuwa opereta wa simu wa shule, asiyeona tangu kuzaliwa, na hakuna ramani iliyotoka chumba kile bila kupita kwanza chini ya vidole vyake.

Mama Simu alibana mkonga wa simu begani, akapapasa.

"Fundi, hii ni ramani au upele?"

"Ramani."

"Basi ipeleke zahanati. Mto nimeushika, ukanifikisha mpakani, mpaka ukanitupa relini. Nani kachora?"

"Mimi, mama," msichana alisema.

"Wewe umesoma mpaka wapi?"

"Chuo kikuu."

"Ahaa. Ndiyo maana umeyamwaga yote."

Waliporudi chumbani mzee alimpa wembe. "Ondoa nusu," alisema.

"Halafu?"

"Halafu ondoa nusu ya iliyobaki."

Somo lilikuwa hilo tu, ingawa ilimchukua miezi mingi kulielewa. Jicho huuona ukurasa mzima kwa mara moja. Kidole huona upana wa kidole, kisha hupaswa kukumbuka kilikotoka. Alibandua, akabandika, akabandua tena. Mwaka wa pili Mama Simu alipapasa kazi yake kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kutukana, na hiyo ilihesabika kuwa pongezi.

Mwaka wa tatu ofisi ya elimu iliamua kuchapisha mwongozo wa picha za kugusa. Mkuu wa shule alimpa msichana yale madaftari kumi na moja ayapige chapa. Aliyapiga, akayapanga sura kwa sura, na karibu hakuna sentensi aliyolazimika kuigusa. Prufu, nakala za kuhakikiwa kabla ya kuchapishwa, ziliporudi, ukurasa wa mbele ulikuwa na majina tisa ya wanakamati. Watano kati yao hawakuwahi kukanyaga chumba kile. Jina la mzee halikuwemo.

Alikwenda kwa Mkuu, akasimama mlangoni mpaka akaonekana.

"Mzee wetu hapendi makuu, si unamjua?" Mkuu alisema kwa upole. "Tena hana cheti, jina lake litaleta maswali. Mwisho wa mwezi anastaafu, mwache apumzike. Wewe tia sahihi yako tu kwamba prufu ziko sawa, dereva anazifuata saa sita."

Msichana aliitikia. Mkataba wake mwenyewe ulikuwa juu ya meza ileile ukisubiri sahihi ya Mkuu, na hakuna aliyehitaji kuutaja.

Wala hakuwa akijidanganya; aliamini kweli kwamba mzee hapendi makuu. Wageni walipokuja, mzee aliingia stoo kutafuta balbu. Siku ile mashine ilipopigwa picha ya gazeti, yeye ndiye aliyeshika taa. Shule nzima ilisema hapendi makuu, na jambo likisemwa na shule nzima nani atakwenda kulihakiki?

Nakala ya nukta nundu ya ukurasa ule ilibidi ipite kwa Mama Simu kama kawaida. Aliusoma, akarudi juu, akausoma tena.

"Yuko wapi?"

"Hapendi makuu, mama."

"Kakwambia?"

"Mkuu ndiye..."

"Sikukuuliza habari za Mkuu. Yeye, kwa kinywa chake, kakwambia?"

Simu ililia, na Mama Simu akaiacha ilie, jambo ambalo halikuwa desturi yake.

"Mimi nasikiliza watu kutwa nzima, mwanangu. Mtu aliyesema namjua, na mtu aliyesemewa namjua." Ndipo akanyanyua mkonga.

Ilikuwa saa tano na nusu. Msichana alimkuta mzee akiosha brashi za gundi. Kwa miaka mitatu alikuwa amemdodosa kuhusu gundi, msasa na unene wa karatasi. Kuhusu mzee mwenyewe hakuwahi kumwuliza chochote. Aliweka ukurasa mezani na kalamu juu yake.

Mzee alisoma majina yote tisa, taratibu, midomo ikicheza. Kisha akarudisha brashi majini.

"Mzee," msichana alianza, akaacha, akaanza upya. "Mzee, unataka jina lako liwemo?"

Mzee alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Nataka," alisema. "Tangu mwanzo nilitaka. Hakuna aliyeniuliza."