Mabirika Mawili Uani La Rochelle

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa funguo nyingi zilizotungwa kwenye waya, na kabla sijajua upi unafungua mlango upi, nilikuwa nimeshaonywa. Jengo lilikuwa la ghorofa, mtaa wa Joubert Park, katikati ya jiji, karibu na stesheni kuu. Msimamizi mkuu, mtu mrefu asiyecheka, aliniambia, "Zuhura, funguo hizi ni za kufungulia. Siku utakayomfungia mpangaji nje, hata kama amekukosea, usirudi ofisini kwangu. Anayemtoa mtu nyumbani mwake ni mahakama."

Niliacha shule Tanga, wazazi walipofariki wakifuatana. Mimi ndiye mkubwa; Salma na Idi ni wadogo zangu. Nilitangulia kuja huku kusini mwa Afrika, nikapata kazi hii ya kusimamia nyumba za kupanga, kisha nikawaita. Vijana wanaoianza leo wanadhani ni kazi ya kudai kodi. Kubwa zaidi ni kujua nani analala wapi, nani anapikia wapi, na watu watatokea wapi moto ukiwaka.

Hilo la mwisho nilifundishwa mtaa wa Troyeville, kwenye nyumba za zamani zilizogawanywa kwa mbao. Meneja wa pale alikuwa akisukuma kila dirisha kwa kiganja. Lisipofunguka, chumba hakipangishwi. "Hilo ni kabati," alikuwa akisema, "na kabatini hatuweki watu."

Kutoka hapo nikapelekwa mtaa wa La Rochelle, jiji lile lile, nyumba moja yenye vyumba vitatu uani. Mwenye nyumba alivijenga mwenyewe, kila kimoja na mlango wake na mahali pa jiko. Tatizo lilikuwa hapo. Chumba cha kulala tu huhesabiwa kuwa sehemu ya nyumba kubwa. Ukikiwekea jiko, mtu akaweza kuishi humo bila kuingia kwako, kimekuwa nyumba ya pili, na nyumba ya pili inataka ramani iliyopitishwa na jiji. Yeye ramani hakuwa nayo. Mimi na wadogo zangu tulikaa chumba cha kwanza, Mama Furaha, msusi kutoka Bukavu, cha pili, na Fundi Bakari, mshonaji wa Unguja, cha tatu.

Jirani akalalamika, na tukaambiwa mkaguzi wa jiji anakuja. Asubuhi hiyo mwenye nyumba alifika anatokwa jasho.

"Majiko yote chini ya vitanda. Ninyi ni ndugu, mnapika nyumba kubwa. Akigundua, Jumapili mnatoka wote. Zuhura, naanza na wadogo zako."

Mkaguzi alikuwa mpole, na upole wake ndio ulionitia hofu. Alipima ukuta, akatazama paa, akauliza watu wanapika wapi. Mwenye nyumba akajibu haraka, "Nyumba kubwa. Hawa ni familia moja." Mimi nilisimama nimeshika waya wa funguo. Mkaguzi akaketi kwenye benchi kuandika. Jua lilikuwa kali, akafuta shingo kwa leso.

Leso hiyo ndiyo iliyotuponza. Mama Furaha alikuwa anachungulia, na mgeni kukaa uani kwake anatokwa jasho bila hata kikombe ni jambo asiloliweza. Mara nikamwona anakuja na sinia, birika linatoa mvuke. Nikakohoa. Nikakohoa tena.

"Dada Zuhura, unakohoa nini? Mugeni hawezi kuenda hivi hivi. Papa, kunywa kwanza."

Kabla mkaguzi hajainua kikombe, mlango wa Fundi Bakari nao ukafunguka. Hakuwa tayari kuona Bukavu inampokea mgeni peke yake. Alikuja na birika lake, chai ya tangawizi, na maandazi juu ya sahani.

"Hayo ni maji ya moto na sukari, bwana. Chai ni hii."

"Wee Bakari! Utamuchoma mugeni koo!"

Mkaguzi alitazama mabirika mawili, halafu milango miwili, halafu mlango wa jikoni wa nyumba kubwa, ambao ulikuwa na kufuli kwa nje.

"Eish, Sisi," akaniambia taratibu, yaani dada kwa lugha ya huku. "Hii chai imechemkia wapi?"

Nilisikia mwenye nyumba anavuta pumzi nyuma yangu. Salma alikuwa dirishani. Ndipo pua yangu ikanasa harufu ya kitambaa kinachoungua.

"Imechemkia huku," nikasema. "Kila chumba kina jiko, na yamerudishwa chini ya vitanda yakiwa ya moto. Njoo!"

Tuliingia kwa Mama Furaha mbio. Godoro lilikuwa limeshaanza kufuka chini. Mkaguzi mwenyewe alilivuta hadi nje, tai begani, nasi tukalimwagia chai yote, ya Bukavu na ya Unguja.

Akaandika alichokiona. Ramani ipelekwe jijini. Chumba cha Fundi Bakari, kilichoegemea ukuta wa jirani, kibomolewe. Alipoondoka tu, mwenye nyumba alininyooshea mkono.

"Lete funguo. Jumapili mtoke."

"Funguo hizi ni za kufungulia," nikamwambia. "Ukitaka kututoa, nenda mahakamani. Watakuuliza ramani iko wapi."

Jumapili nilikaa getini tangu alfajiri, Idi upande mmoja, Salma upande wa pili. Hakuja. Wiki ile ile alimtafuta mchora ramani. Mimi hakunisemesha hadi jiji lilipoipitisha, na siku hiyo alisema "habari" tu.

Fundi Bakari alihama, na sikuweza kulizuia hilo. Alipanga mtaa wa pili na bado huja kubishana na Mama Furaha kuhusu chai.

Sasa nimestaafu, na waya wa funguo anao Salma. Siku ya kumkabidhi nilimwambia maneno niliyoambiwa mimi Joubert Park, wala sikuongeza. Nimebaki uani, chumba kile kile. Jiko langu nimeliweka chini ya dirisha. Ukifungua geti tu, unaliona.